Mjukuu Kaonekana kwa Magesa

Jumapili, Nyasura

Mwenye bahati mtaa huu ni mimi. Ruta yangu ya intaneti iko juu ya kabati, na kitambaa cha kufuma juu yake, mgeni anaiona kabla hajaniona mimi. Bunda nzima wananionea wivu.

Leo binti yangu Neema kapiga video kutoka Mwanza anionyeshe mjukuu, wa kwanza huyo. Picha ikaganda kwenye paji la uso. Nikazima ruta, nikawasha. Nikatoa laini, nikaifuta kwa shati, nikarudisha. Bado paji la uso. Neema akakata.

Mara nasikia mke wangu anacheka kwa jirani. Neema kampigia huyo jirani, Magesa, anayenunua intaneti kwa vocha za kukwangua, ambaye namchekaga kila siku.

"Baba Neema, njoo umuone, kachukua pua yako!" mke wangu akaniita.

"Nakula," nikamjibu. Sikuwa nakula chochote. Roho iliniuma, pua yangu mwenyewe Magesa kaiona kabla yangu.

Jioni nikakitoa kile kitambaa. Ruta ilikuwa ya moto hata kuishika taabu. Nikaipeleka dirishani, upande wa mnara wa simu, ikapoa, intaneti ikakimbia vizuri. Nikampigia Neema.

"Baba, mtoto kalala. Kesho tunaenda kijijini kwa kina baba yake, huko hamna mtandao mpaka mwisho wa mwezi."

Hakuna anayenionea wivu. Mwenye wivu ni mimi, na ndio ulionizuia kuvuka ua kumuona mjukuu wangu.