Kikapu cha Tangawizi

Jumatatu, 7 Agosti 1995
Morogoro nzima hakuna mwenye ulimi kama wangu. Nikiiambia milima ya Uluguru isogee, itauliza tu isogee wapi. Leo nimemuuzia mwalimu mstaafu koti la baridi saa saba mchana, jua la utosini. Kashukuru. Shule niliacha kidato cha pili, kwa hiari. Walimu walikuwa wameishiwa. Sasa nina meza ya mitumba sokoni. Soko huria, kila kitu ruksa.

Shomari kashuka kutoka kwao Kinole, mlimani, na tangawizi yake. Rafiki yangu tangu darasa la kwanza. Madalali wamempunja tena. Kapokea walichompa, kama kawaida yake. Hasira nikazipata mimi.

Jumatano, 9 Agosti
Dawa ya Shomari imepatikana. Nyuma ya soko kuna mgahawa mpya wa Mama Mkorea. Mumewe alikuja na wajenzi wa barabara. Kazi ikaisha, wao wakabaki. Meza nne tu. Mpishi wake kanidokeza: mama analalamika kila wiki, tangawizi ya sokoni imesinyaa.

Jumamosi tunakwenda kula. Shomari aje na kikapu, kuongea aniachie mimi. Akipata mnunuzi wa kila wiki, ataezeka bati nyumba ya mama yake kabla ya vuli. Masika yaliyopita walilala wamejikunyata kona moja.

Nimemwambia chakula cha Kikorea nakijua sana. Sikijui.

Jumamosi, 12 Agosti
Tumekwenda. Mimi shati la bluu, bora kuliko yote mezani kwangu. Shomari kanzu ya Idi, kikapu mapajani kama kichanga.

Hatujaagiza kitu, vikaja visahani sita. Shomari akaninong'oneza, "Ndugu yangu, hivi si vyetu."

"Tulia, mshamba we."

Moyoni nilijua tumekwisha. Nikavisukuma pembeni. Mama akavirudisha. Nikavisukuma. Akavirudisha. Kumbe kwao vinakuja vyenyewe, bure, ukarimu tu. Kijiti changu kimoja cha kulia kikaruka mpaka meza ya jirani. Nikamwambia Shomari ndivyo wanavyofanya.

Halafu kabichi. Nyekundu kwa pilipili, inanuka uchachu. Mimi nikameza, nikasifu, machozi yananitoka. Shomari akaonja, akaweka vijiti chini, akasema kwa adabu zake zote, "Mama, samahani. Kabichi yako imechacha."

Nilitamani niingie chini ya meza. Kwetu hilo ni tusi kwa mpishi. Mama akacheka mpaka akashika ukuta. Wiki mbili nzima kaiweka mtungini, makusudi, ichache! Akamwongezea Shomari bakuli zima.

Kisha akaona kikapu. Akavunja kipande, akanusa, akafumba macho. Kachukua yote. Anataka kila Jumamosi.

Ulimi huu!

Jumapili, 13 Agosti
Shomari kaondoka na gari la alfajiri bila kuaga. Wivu huo. Atarudi.

Jumamosi, 19 Agosti
Hakurudi. Mpishi kaja mezani kwangu mara mbili kuulizia mzigo. Nimesema gari limeharibika mlimani. Nikachukua tangawizi kwa madalali, nikapeleka mwenyewe. Mama akavunja kipande. Akanusa. Akanirudishia kikapu kwa mikono miwili, ameinama kidogo. Angenitukana ningejua la kujibu.

Sijauza kitu mchana kutwa.

Jumapili, 27 Agosti
Nimepanda Kinole. Shomari yuko shambani. Kaambiwa nimefika, hakushuka.

Mama yake kaitikia shikamoo yangu kwa furaha, kaniletea ndizi. Akasema, "Ahsante kwa kumhangaikia mwenzio, mwanangu. Shomari kaniambia yule mama hakuipenda tangawizi yetu. Basi, ndiyo riziki."

Kwa hiyo hakunisema. Nimekula ndizi, naangalia juu. Nyasi za paa zimeoza, mwanga unapenya sehemu tatu.

Niandike, maana hapa hasomi mtu. Wivu hakuwa nao. Siku ile Mama Mkorea alipofumbua macho aliuliza, "Shamba la nani?" Shomari alikuwa keshafungua mdomo.

Nikamuwahi. Nikasema, "Langu."