Mstari wa Shamba Lako

Chanji, Sumbawanga

Dada yangu Cornelia,

Shikamoo dada. Goti linaendeleaje? Na shemeji, kile kifua kimetulia? Sisi tupo, baridi inatukata masikio, ila tunakula. Dagaa ulizotuma kutoka Kirando zilifika salama. Ningepiga simu, ila najijua, ningekuuliza habari za watoto mpaka salio liishe.

Dada, ile picha ya mavuno ya kikundi chetu cha wakulima cha Ilemba, aliyokutumia Bertilla kwenye simu, haikuwa ya kwanza. Mwanangu huyo hachori kwa mkono. Anaandika maneno na namba kwenye kompyuta, yenyewe inachora mstari wa kila shamba, mwaka hadi mwaka. Akiuambia mstari uwe mwekundu, unakuwa mwekundu. Akibadilisha namba moja tu, unanenepa kama kamba ya ng'ombe. Akitaka, unakatika vipande vipande, au unabaki nukta tupu. Nilikaa pembeni nacheka kama mtoto.

Halafu akachora wa shamba langu na wa shamba lako, lile uliloniachia nilime ulipohamia ziwani. Kicheko kikaisha. Nikamwomba wako auchore kwa nukta, mwembamba, rangi ya majivu. Akauliza kwa nini. Nikamwambia una presha, usije ukashtuka bure. Akakataa, akasema kuficha namba nako ni kusema uongo. Nikamlilia. Mtoto gani anayaweza machozi ya mama yake? Akafanya.

Ukapiga simu kunishukuru. Ukasema macho yako hayauoni vizuri mstari wako, ila unaamini unapanda pamoja na wangu. Nikaitikia, ndiyo dada.

Jumamosi picha ikaoneshwa ukutani kwenye mkutano. Modesti, mwenyekiti wetu, akatania kwamba kumbe Cornelia alihama na shamba lake kichwani, maana halionekani. Watu wakacheka. Kisha akageuka mkali, akauliza nani kaufifisha. Bertilla akasimama akasema ni yeye, amekosea. Wakamwambia kazi hiyo atapewa mwingine. Mimi nilikuwa benchi la mbele, dada, nimeziba mdomo kwa kanga.

Sasa nasema. Shamba lako halikuchoka lenyewe. Nyasi zake, ambazo zilitakiwa zifukiwe kwenye matuta yako ya ntumba zioze ziwe mbolea, nilizifyeka nikaenda kuzifukia kwenye ntumba zangu. Msimu wa kwanza nilijiambia ni mara moja tu, sisi ni ndugu, nyasi ni nyasi. Ulezi wangu ukanona, nikashindwa kuacha.

Jumapili baada ya misa nitasimama mbele ya Modesti na wenzake niseme yote, mwanangu arudishiwe kazi yake. Kuhusu shamba, amua wewe. Ukimpa binamu yetu Isdori alilime, sitanung'unika.

Bertilla amechora upya, atakutumia leo. Wako nimemwambia aufanye mwekundu, mnene kuliko yote, usihangaike na miwani. Tazama pale wangu unapoanza kupanda. Wako unaanza kushuka palepale. Hapo ndipo nilipokuibia, dada.

Wasalimie shemeji na watoto, kama bado unaona vema kuwafikishia salamu zangu. Mungu akulinde.

Mdogo wako,
Justa