Jumla ya Nini, Dada?

Ipogolo, Iringa, 1976

Dada yangu Atupele,

Leo ni siku ya kumi na mbili tangu tukuzike, na nimekukasirikia. Sijui kama inaruhusiwa kumkasirikia marehemu, lakini nisipokuambia wewe nitamwambia nani? Mama analia tu. Baba anakubali kila anachoambiwa.

Jana walikaa kikao uani kwako, upande wa shemeji na upande wetu. Msemaji wetu alikuwa shangazi Sekela, nani mwingine! Ati mila inataka mke akifa, mdogo wake aje kuziba pengo. Ati hakuna haja ya kuhangaika kutafuta mbali, kwa sababu mimi na wewe tunafanana. "Mwangalieni pua. Mwangalieni vidole. Sikilizeni sauti. Ukiwachukua kwa jumla, ni mtu yule yule."

Jumla ya nini, Dada? Jumla ya nini! Nani alimpa shangazi kazi ya kuchagua cha kuhesabu? Kahesabu pua, akaacha mkono wako wa kushoto ulioshika jembe mpaka watu wakasogea mbali nawe shambani. Kahesabu sauti, akaacha maneno. Wewe ukigombezwa ulikuwa unacheka, mimi nanuna siku tatu. Wewe ulimpenda yule bwana. Kwangu ni shemeji, namsalimia, namtengea chakula, basi! Hilo nalo halihesabiki? Kwa hesabu ya shangazi hata kiazi na figa ni ndugu, mradi uangalie umbo peke yake.

Na silaha yenyewe ulimpa wewe. Unakumbuka siku ile nyumbani Tukuyu, wakwe walipokuja kukuona? Jino lilikuwa limekuvimbisha shavu, huonekani jicho. Ukanivuta nyuma ya jiko ukaninong'oneza: "Tumaini, wapelekee chai wewe. Vaa kitenge changu, inama, usiseme sana." Nikapeleka. Nikapiga magoti, wazee wa Iringa wakanisalimu kwao, "Kamwene", wakanywa chai yao wakasifu binti ana adabu. Walipoondoka tulicheka mpaka ukalishika shavu kwa maumivu. "Sisi ni kitu kimoja bwana," ukasema. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, nikaona nimepewa sifa. Ulinitumia, Dada, na hukuniuliza hata mara moja kama nataka.

Jana shangazi, aliyetuona siku ile, kaitoa siri hiyo mbele za watu. "Hata siku ya kwanza mlimwona huyu huyu! Mlijua tofauti?" Wakwe wakacheka, wengine wakapiga makofi. Mama mkwe wako akaingia ndani, akatoka na kitenge kile kile cha bluu chenye majani ya njano, akanifunga kwa mikono yake. Nimebakiza muhula mmoja chuo cha ualimu, mmoja tu, nami nimesimama uani nimefungwa kitenge cha marehemu kama mzigo unaosubiri basi. Naiogopa hata sauti yangu siku hizi, maana wakiisikia wanasema ni yako.

Halafu wakamwita Neema wako. Miaka minne, jamani! "Neema, huyu nani? Haya, mwite mama."

Mtoto alinizunguka. Akashika pindo la kitenge, akalinusa. Kisha akaniuliza mimi, wala si wao: "Mama mdogo, mama akirudi utampa kitenge chake?"

Nikamwambia nitampa. Nimemdanganya mwanao, na hilo nalo naliweka juu yako.

Shemeji alikuwa hajafungua mdomo tangu asubuhi. Akainuka. "Basi," akasema. "Mfungueni binti wa watu." Akatoka kuelekea barabara kuu, bila kofia, na mvua ilikuwa imeanza. Shangazi amenuna mpaka sasa, anasema kikao hakijafungwa. Kwangu kimefungwa. Kesho napanda basi narudi chuoni, na wakitaka wanilaani.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba wewe peke yako ulikuwa unajua tofauti zetu zote. Ulikuwa unajua kikohozi changu ukiwa chumba cha pili. Ulijua nikisema "sawa" kwamba si sawa. Ungekuwepo jana ungemnyamazisha shangazi kwa sentensi moja, lakini hukuwepo, na sababu ya kikao ni huko kutokuwepo kwako. Nikuelewe vipi?

Kitenge nimemwachia Neema, anakilalia.

Na nikuambie la mwisho, usimwambie mtu huko uliko. Leo asubuhi nimeingia chumbani kwako, nikasimama mbele ya kioo chako. Nimeitafuta hiyo pua. Nimeinamisha kichwa kama wewe, nimecheka kama wewe. Nilitaka shangazi awe amesema kweli, hata kwa dakika moja, nikuone. Nimejiona mimi tu, macho yamevimba.

Ni mimi mdogo wako,
niliyepeleka chai.