Ambari na Habari

Shiro wangu,

Huku Gatuanyaga tuko sawa, na yule mbuzi wako amezaa mapacha. Barua yako ilinishtua, nikadhani unaugua. Kumbe umeokota tu donge ufuoni Kilifi, unauliza kama ni ambari ya nyangumi, ile ya bei ghali ya kutengenezea manukato!

Mimi pia niliokota, kwaya yetu ilipoenda Malindi. Mzee mmoja akaliangalia, akauliza, “Ambari?” Nikadhani ananisalimu, nikajibu, “Mzuri sana!” Alicheka hadi akakaa chini.

Alipopasha sindano moto ili alichome donge kulijaribu, wanakwaya walishaanza kuligombania. Ambari ingeyeyuka na kunata kama lami. Langu halikuyeyuka, lilikuwa jiwe la kusugua miguu. Tukarudi kuimba.

Choma lako pia. Lisipoyeyuka, usilie. Niletee, langu limeisha.

Ni mimi cucu, bibi yako