Paipu Fupi za Breki

Lawas, 3 Machi

Kaka Ruran,

Shikamoo. Kabla hujaendelea kusoma, ondoka hapo penye watu. Nakusihi, neno hata moja la barua hii lisikutoke kinywani, na ukimaliza itie motoni. Nimeifunga kwa gundi, na madereva waliotangulia kupanda huko nimewanyima, maana wanasoma barua za watu njiani.

Mama hajambo? Na macho yake?

Ni kuhusu ile seti ya vipuri vya kuliongezea gari kimo uliyoichagua hapa dukani kwetu kwa unafuu wake. Vipande vya juu ya springi havina neno. Tatizo ni breki. Gari limepanda, paipu za mafuta ya breki zimebaki zile zile fupi. Gurudumu likining'inia shimoni, zinavutika. Jana fundi alileta moja iliyochanika. Bosi aliitupa, akaniambia, "Wewe karani, andika risiti." Akijua nimesema, kazi sina. Usiendeshe mpaka nikutumie paipu ndefu. Wala usimwambie mtu, hata binamu Tagal.

Mdogo wako,
Yudan

Ba'kelalan, 9 Machi

Mdogo wangu mwoga,

Marahaba. Tu wazima. Mama anauliza kama huko mjini wanakulisha au wanakunusisha tu. Macho bado, anangoja nimlete kwa daktari.

Gari hili linanitesa, ila nalipenda. Taa zinamulika vilele vya miti. Kwenye kona linayumba kama mlevi. Mama hupanda kwa kukanyaga kreti, akifika juu anasema, "Kwaherini, naenda mbinguni." Lakini tope lililomeza gari la mchungaji, mimi nilipita naimba. Kwa bei ile, nani mwingine angeniinua?

Haya, nimeliweka juu ya magogo. Tagal ananicheka: "Umelinunulia miguu mirefu ili likae?" Naye ana seti hiyo hiyo, Yudan. Nimefumba mdomo kwa ajili yako. Fanya haraka.

Kaka yako,
Ruran

Lawas, 15 Machi

Kaka,

Shikamoo. Paipu zako hizi hapa. Kuhusu Tagal, naomba subira. Mwisho wa mwezi nathibitishwa kazini, ndipo nitatafuta namna ya kumwambia.

Mdogo wako,
Yudan

Ba'kelalan, 24 Machi

Yudan,

Paipu zilifika siku ya mazishi.

Mama alichoka kuningoja nimpeleke kwa daktari. Nilikuwa shambani. Tagal alimwita, "Panda, mama, mwanao siku hizi anafuga gari." Kwenye mteremko wa mto breki hazikushika. Tagal naye tumemzika.

Habari ilikufikia siku ile ile, na hukuja.

Mke wa Tagal aliniuliza kwa nini gari langu lilikuwa juu ya magogo. Nimemwambia.

Ruran

Lawas, 2 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Hali siulizi.

Nilikuwa nimeshafunga mkoba nije mazishini, nikaenda kuomba ruhusa. Bosi akauliza, "Kwani unajua nini kuhusu gari lile?" Nikasema sijui kitu, nikakaa.

Kazi nimeiacha. Ile paipu iliyochanika niliiokota jalalani, na kila dereva anayeteremka kutoka huko juu namwonyesha. Wengine wanashukuru. Mmoja aliniuliza, "Na ulikuwa wapi mwezi uliopita?"

Ukitaka kuniandikia, usipeleke dukani. Nakaa nyuma ya soko la samaki, chumba cha juu ya duka la kinyozi. Mpe barua dereva yeyote. Usiifunge. Aisome kila anayetaka.

Mdogo wako,
Yudan