Mama Alifaulu Mtihani wa Kusema

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie maana hawa wataalamu wa siku hizi wamenichosha. Mama yangu alipata kiharusi, mkono ukarudi lakini maneno yakagoma, akitaka chai anasema kiatu, sasa hospitalini kuna dada mmoja wa kupima usemi, akamwonyesha mama kadi za picha azitaje, na mama, mwanamke aliyekuwa akifungua mdomo soko zima linanyamaza, akashindwa kutaja hata kijiko, mbele yangu mimi mwanawe, tena mwalimu, jamani, aibu niliyoiona sikulala. Basi yule dada alipotoka kupokea simu nikazipiga picha kadi zake zote, nikampa mama tuisheni asubuhi na jioni, hakuna chai mpaka ataje ngamia, na aliporudi kupimwa akazitaja zote bila kukosea, sisi tukapiga vigelegele pale pale, lakini yule dada akaandika kwamba mama kapona, nafasi yake ya matibabu akampa mgonjwa mwingine! Na mama bado hawezi kuomba maji. Jana kashika tumbo anasema "ngamia, ngamia," machozi yanamtoka, nami nikampigia makofi. Je, huyu dada nimshtaki wapi kwa uzembe?

Mwalimu Asiyeshindwa

Mwalimu, pole kwa kuuguza, si kazi ndogo. Pole yangu imeishia hapo. Mama analia kashika tumbo, wewe unapiga makofi? Weka gazeti chini, mpeleke akaangaliwe hilo tumbo, kisha urudi umalizie kusoma.

Umerudi? Haya. Yule dada hakuwa anatafuta wa kumpa cheti. Alitaka kujua maneno gani yamepotea ili ajue aanzie wapi, nawe ukamficha. Ni sawa na kumsugua mgonjwa wa homa barafu kwapani ili kipimo kisome vizuri, halafu unalalamika kanyimwa dawa! Mficha maradhi kifo humuumbua, hilo hukuwafundisha wanafunzi wako?

Na tuambizane ukweli, aibu ilikuwa yako, mama hakuwa nayo.

Kesho asubuhi nenda kwa yule dada, ungama, umwombe ampime upya kwa kadi usizozijua. Akikukaripia, nyamaza, umeyataka mwenyewe. Chai mama apewe hata akiiita kiatu. Siku ya kupimwa, simu iache nyumbani, ukae kwenye benchi la nje. Ukisikia kimya kirefu kule ndani, usithubutu kugonga mlango. Ni mama yako anatafuta neno lake mwenyewe.