Kitufe Ambacho Foibe Hakukibonyeza

Mama Damari,

Kosa wanalofanya watu wengi wanapomfungia mtu asiyesikia taa ya kumjulisha kwamba kuna mgeni ni kuiweka taa mahali panapopendeza, badala ya mahali anaposhinda yule mtu. Kosa hilo nimelifanya mimi, mwalimu wa fizikia, na ungekuwepo ungecheka mpaka ushike mbavu. Kisha ungeacha kucheka, kwa sababu nina jambo la kukueleza linalomhusu mdogo wako Foibe, na sijui nilianzeje. Ngoja nianze na kifaa. Kifaa angalau nakielewa.

Damari alikileta kutoka Mwanza, miezi mitatu baada ya kukuzika. Alikuwa amesikia kwamba watu wanakuja kuniona, wanasimama getini, wanaita, wanachoka, wanarudi. Kina vipande viwili tu. Cha kwanza ni kitufe kidogo chenye betri, hicho unakibandika getini. Cha pili ni taa, unaichomeka kwenye soketi ndani ya nyumba. Mgeni akibonyeza kitufe, kitufe kinatuma mawimbi ya redio, taa inayapokea, inawaka na kuzimika upesi upesi kwa muda wa kutosha mtu kuiona. Hakuna waya kati yao. Ila kwanza unavifundisha kutambuana: unashikilia swichi ya ubavuni mwa taa mpaka iwake, halafu unabonyeza kile kitufe, basi, vimeshafahamiana. Nikamwambia Damari, ndoa zingekuwa zinafungwa hivi wachungaji wangekosa kazi. Alicheka. Niliona meno yake, sauti sikuipata.

Taa nikaichomeka sebuleni, juu ya lile kabati la vyombo vyako vya wageni, maana soketi ya pale ndiyo nzima na taa yenyewe ni nzuri kutazama. Damari akaenda getini akabonyeza, mimi nikiwa nimesimama mbele ya kabati. Ikawaka. Tukashangilia. Hakuna kati yetu aliyesema kwamba mimi sishindi sebuleni tena. Siwezi. Kiti chako kiko pale. Nashinda uani, kwenye kigoda, karibu na jiko la mkaa, na kutoka uani kabati halionekani.

Damari alitaka pia tubandike kikaratasi chini ya kitufe: Bonyeza hapa, mzee hasikii. Nikakataa. Akaniandikia kwenye simu yake, "Sasa baba, mgeni atajuaje?" Nikamjibu kwamba wageni wetu wana akili zao.

Wewe unajua kwa nini nilikataa.

Tuliificha siri hiyo vizuri mno, Mama Damari. Tukienda kwenu Mpwapwa ulikuwa unakaa upande wangu wa kulia, mkono wako chini ya khanga, juu ya goti langu. Ukigusa mara moja, naitikia. Mara mbili, nasema hapana. Ukinifinya, nacheka. Kuna siku ulinifinya kwa kusahau, mjomba wako anaeleza habari za ng'ombe wake waliokufa kwa ukame, nami nikacheka peke yangu. Ulisema baadaye, "Mwalimu, umenitia aibu mpaka jasho limenitoka." Lakini ulicheka njia nzima ya kurudi nyumbani. Ndugu zako walinisifu kuwa mkwe mtulivu, msomi asiye na maneno mengi. Sikuwa mtulivu. Nilikuwa sisikii, na nilikuwa nimekuomba usimwambie mtu yeyote, na wewe ulilitunza ombi hilo kama mke anavyotunza mambo ya chumbani. Kile kifaa cha sikio tulichonunua nimekirudisha kwenye droo. Daktari alieleza, ukaniandikia maneno yake: mshipa wenyewe umechoka, kifaa kitaongeza kelele lakini hakitaongeza maneno. Alisema kweli.

Hodi ilikuwa kazi yako. Mtu akiita getini, wewe ndiye uliyesema karibu. Sikuwahi kufikiri kwamba hiyo ni kazi.

Sasa nakuja kwenye lile jambo.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Nilikuwa uani nafua mashati. Bi Zuhura wa nyumba ya pili alitokea kwa mlango wa nyuma. Yeye hujua pa kunipata. Husema, polepole ili nimsome midomo, "Mwalimu, nikiita getini kuku ndio wanaokuja." Siku hiyo hakutania. Alichukua boksi la kile kifaa, nilikuwa nimeliweka karibu na jiko ili niwashie moto, akaomba kalamu, akaandika kwa mwandiko wake wa haraka: Shemeji yako Foibe alikuja. Kapiga hodi tatu. Kaondoka.

Nilitoka na mikono yenye sabuni. Njia ilikuwa tupu, vumbi tu na bodaboda moja inaishia kwenye kona. Kwenye komeo la geti kulikuwa na kifurushi cha mlenda mkavu, kimefungwa kwa kipande cha khanga. Fundo nalifahamu. Ni lile mlilofundishwa na mama yenu nyote wawili.

Nikamuuliza Bi Zuhura, mbona hakubonyeza kitufe? Akanitazama kama ulivyokuwa ukinitazama nikiuliza swali la kitoto. Akaandika: Nani anagusa swichi ya nyumba ya watu kabla hajakaribishwa?

Nimekaa na sentensi hiyo siku nyingi. Nimefundisha mawimbi maisha yangu yote na sikuona jambo hilo. Sisi tunaingia kwa mtu kwa sauti. Unasimama nje, unasema hodi, unangoja. Unasema tena. Unasema ya tatu. Kimya kikiendelea unageuka, kwa sababu kung'ang'ania mlango wa mtu ni kukosa adabu. Waliotengeneza kifaa hiki ni watu wanaoanza kwa kidole. Foibe alilelewa vizuri, kwa hiyo kifaa hakikuwa na habari naye. Na hata angebonyeza, taa ingevimulikia vikombe.

Lakini Bi Zuhura alikuwa bado ameshika kalamu. Aligeuza boksi upande wa pili akaandika polepole, na nilimwona anasita. Alikuwa amemkuta Foibe anaondoka, akamwambia, dada, mzee huyu hasikii vizuri, njoo tuzunguke nyuma. Foibe akamjibu hivi. Nanakili jibu lake kama lilivyo kwenye boksi, ambalo sijalichoma:

"Msibani alinisikia. Nilimwomba tukampumzishe dada kwetu, karibu na mama. Akaitikia kwa kichwa. Kesho yake akamzika hapa mjini, nikanyamaza, mbele ya jeneza hatugombani. Leo nimekuja mwenyewe yaishe. Naitikiwa na mabati."

Mama Damari, nalikumbuka tukio hilo. Alikuja akapiga magoti mbele yangu, akanishika mikono yote miwili, akasema maneno marefu huku analia. Midomo ya mtu anayelia haisomeki, inatetemeka yote kwa pamoja. Nilidhani ananipa pole kama wengine. Nikangoja kidogo. Nilikuwa nangoja mkono wako gotini, nakuambia kweli, wewe ukiwa umelala chumba cha pili umefunikwa. Mkono haukuja. Nikaitikia kwa kichwa.

Nilimwahidi Foibe kaburi lako bila kujua.

Sisemi kwamba ningekubali. Sijui. Labda ningemwambia, Foibe, niachie nimzike hapa ili niweze kwenda kwa miguu. Labda angenielewa. Tungesemezana, wazee wangeingilia, tungefika mahali. Lakini kwake yeye hapakuwa na la kusemezana: shemeji alikubali kwa kichwa, akavunja ahadi kwa jembe. Na alipokuja, kwa moyo wake, kwa nauli yake, na mlenda mkononi, mlango ukamnyamazia.

Nimejaribu kurekebisha. Taa nimeihamishia uani, fundi kaniwekea soketi chini ya ukingo wa paa ili mvua isiipate, na sasa ninaiona nikiwa jikoni, nikiwa kwenye kigoda, hata nikiwa nimeinama kwenye beseni. Mtu wa kutuliza moyo angesema, umejifunza. Chini ya kitufe nimeandika kwa mkono wangu, kwa herufi kubwa za ubaoni: MZEE HASIKII. BONYEZA, USIOGOPE. Nilipomaliza nilisimama pale kama mtu aliyevuliwa shati mbele ya watu. Majirani walipita wakasoma. Hakuna aliyecheka. Bi Zuhura aliniandikia kwamba karibu wote walikuwa wanajua siku nyingi. Kumbe wa hapa walijua. Walioamini kwamba nasikia ni ndugu zako tu, kwa sababu kwao nilikwenda nikiwa na wewe.

Taa inafanya kazi. Muuza mboga anabonyeza, mzee wa kanisa anabonyeza. Naiona, nakwenda, nafungua. Kila nikifungua, kabla sijatazama uso natazama urefu, maana Foibe ni mrefu. Hajawa yeye.

Nilimpigia simu. Najua, usinitazame hivyo. Niliwaza kwamba hata nisipomsikia, yeye atanisikia. Nikabonyeza namba, nikaona saa imeanza kuhesabu, nikaiweka simu sikioni nikasema yote: kwamba sikusikia msibani, kwamba sisikii kabisa, kwamba wewe ulinificha kwa kuwa nilikusihi. Nilisema taratibu, kwa mpangilio mzuri. Nilipomaliza nikaitazama simu. Ilikuwa imekatika katika sekunde ya nane. Sijui aliikata yeye au mtandao. Hata hilo siwezi kulijua. Nilikuwa nimeeleza maisha yangu kwa kipande cha plastiki.

Nikaandika ujumbe. Foibe hasomi, unajua, mwanawe ndiye anayemsomea. Nilirefusha kwa sababu nilitaka kila kitu kieleweke. Jibu lilikuja siku ya pili: Mama anasema amesikia. Basi. Nimelisoma mara nyingi kuliko barua yoyote ya ajira yangu. Amesikia kwamba sikusikia? Au amesikia mzee anayejitetea? Ungekuwepo ungeliangalia mara moja tu ukaniambia. Ulikuwa unaujua moyo wa mdogo wako hata akiwa amenyamaza.

Damari anasema atampigia yeye. Nimemkataza. Nimesemewa miaka mingi, na ona tulipofika.

Kinachobaki ni kwenda, na ndicho ninachokiogopa. Si safari. Magoti yanauma lakini yanafika. Naogopa mlango wake. Nitasimama nje, nitapiga hodi, na sitasikia kama amesema karibu au amekaa kimya. Nikiingia bila kukaribishwa, nimemvunjia heshima mara ya tatu. Nikigeuka na kumbe ameitikia, nimemkataa ndani ya nyumba yake. Nimelipigia hesabu jambo hili kama tatizo la darasani, na kila upande linatoka vibaya. Hakuna taa ya mlango wa mwenzio. Bi Zuhura amejitolea kunisindikiza anisikilizie. Nimeshukuru, nimekataa. Nikifika na sikio la kuazima Foibe ataona nimeleta wakili.

Sina uhakika na lolote, mke wangu. Huenda nitarudi na mlenda mwingine, huenda nitarudi na kimya kilekile. Lakini nakuahidi hili: nitakaa chini, nje ya nyumba yake, mahali anapoweza kuniona, mpaka atoke kuchota maji au kuanika kitu, niuone uso wake. Na mbele ya yeyote atakayekuwepo nitasema kwa mdomo wangu kwamba mimi ni kiziwi, na kwamba wewe hukuwa na hila. Nisamehe kwa kuitoa siri yetu. Ilikuwa nzuri tulipokuwa wawili.

Endelea kulala hapo nilipokulaza, bila ruhusa ya mdogo wako. Nitaiomba sasa, nikiwa nimechelewa.

Kazi ya leo ni moja, naiandika kama nilivyokuwa nikiwaandikia wanafunzi: Mwalimu, vaa viatu, nenda stendi, ukate tiketi ya Mpwapwa.